Bwana David Kirkaldy, Mvunja Vyuma wa London

Watu waliojenga madaraja na meli husifiwa sana, na picha zao hutundikwa ukutani. Leo nataka kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuvunja. Alivunja minyororo, ribiti, kamba za waya, mawe, nguzo na boriti, akalipwa ada kwa kuvivunja, na jina lake lajulikana kwa mainjinia wa nchi nyingi. Naandika hasa kwa ajili ya vijana wa darasa la fizikia, ambao huning'iniza mawe ya mizani katika waya wakadhani kazi imekwisha waya unapokatika. Naandika pia kwa wenzetu wa zamani walio katika kazi ya ujenzi, nao watatambua upesi nasema nini.

David Kirkaldy alizaliwa tarehe 4 Aprili 1820 huko Mayfield, karibu na mji wa Dundee, katika nchi ya Uskochi. Dundee ni mji wa bandari, nao umekaa kando ya mlango mpana wa mto Tay. Msomaji ushike jina la mto huo, maana tutaurudia. Baba yake alikuwa mfanya biashara mwenye uwezo, akampa mwanawe elimu nzuri, kwanza pale pale Dundee, kisha katika shule ya Merchiston Castle mjini Edinburgh. Alipokwisha masomo, baba alimtia katika biashara yake. Kijana alijaribu, lakini moyo wake haukuwamo. Mwaka 1843, akiwa na umri wa miaka 23, aliiacha afisi ya baba yake akaenda Glasgow, akaingia katika kiwanda cha Vulcan Foundry cha Robert Napier kuwa mwanagenzi.

Umri huo ni mkubwa kwa mwanagenzi. Wenzake wengi walikuwa watoto wa miaka kumi na kitu, nao wakimwona mtu mzima, aliyesoma Edinburgh, akishika tupa na nyundo na mikono yake ikijaa mafuta, bila shaka walistaajabu. Alikaa karakanani miaka minne. Kisha alihamishiwa chumba cha kuchorea, na baada ya muda akawa mkuu wa wachoraji na wapiga hesabu wa kiwanda kile.

Napier alikuwa mmoja wa wajenzi wakubwa wa meli za mvuke. Katika kiwanda chake ndiko ilikojengwa Persia, meli ya kampuni ya Cunard iliyoshushwa majini mwaka 1855, nayo ilikuwa kubwa kuliko meli zote za wakati ule. Kirkaldy aliichora yote, mitambo na mwili, kwa uangalifu mwingi hata michoro yake ikatundikwa mwaka 1861 katika maonyesho ya Royal Academy mjini London, mahali ambapo kwa desturi hutundikwa picha za wachoraji wa sura na mandhari. Tena alikuwa na tabia moja ambayo wengine waliiona kuwa usumbufu: aliandika kila kitu. Meli ilipokwenda kujaribiwa baharini, wengine walirudi wakisema imekwenda vizuri au vibaya. Yeye alirudi na daftari lililojaa tarakimu, mwendo wa meli, makaa yaliyotumika, na nguvu ya mvuke.

Tabia hiyo ndiyo iliyompa kazi yake ya maisha. Mwaka 1858 Napier alipata kazi ya kutengeneza mitambo iliyotakiwa iwe myepesi na yenye nguvu pamoja. Bwela, yaani pipa kubwa la chuma ambamo maji huchemshwa mpaka yawe mvuke, lilihitaji mabamba mazuri. Swali likawa: je, tutumie chuma cha kufua kama siku zote, au tutumie feleji, yaani chuma cha pua, ambayo wauzaji waliisifu kuwa ina nguvu zaidi? Kirkaldy aliagizwa ajaribu vyote.

Yafaa tujue jinsi chuma kilivyonunuliwa siku zile. Mfuaji alikipiga mhuri. Chuma cha kawaida kilikuwa na mhuri wake, kilicho kizuri zaidi kiliandikwa Bora, kilichozidi hapo kikaandikwa Bora Bora, na kilichozidi vyote kikaitwa Bora mara tatu. Mnunuzi alisoma mhuri, akalipa, akaenda zake. Kama ubora huo ni wa ratili ngapi kwa inchi ya mraba, mhuri haukusema. Kila mtu alikuwa na chuma alichokipenda, kama vile kila mzee alivyo na duka lake la tumbako.

Chombo cha Kirkaldy hakikuwa cha ajabu. Kilikuwa wenzo mmoja wenye kutiwa mawe ya mizani upande mmoja, na upande wa pili kimefungwa kipande cha chuma. Aliongeza mawe polepole mpaka kipande kikakatika. Kwa kazi hiyo alikaa miaka mitatu hivi, mpaka 1861, akakata mamia ya vipande kutoka viwanda mbalimbali, na mwaka 1862 akatoa kitabu cha matokeo yote. Mainjinia wa siku zile walikisoma kwa bidii, maana kilivunja imani nyingi pamoja na vyuma.

Imani ya kwanza ilikuwa hii. Watu walipima chuma kwa mzigo wa kukikata, basi. Chuma kilichokatika kwa tani nyingi kilisemwa ni kizuri, na kilichokatika kwa chache ni kibaya. Kirkaldy aliona kwamba mzigo mkubwa unaweza kutoka katika sababu mbili zisizofanana hata kidogo. Pengine chuma ni kizuri kweli, kimeshikana vema, nacho ni laini kiasi. Pengine ni kigumu tu, hakina utii, na siku kitakapopatwa na kishindo kitapasuka kama chungu. Ukitazama mzigo peke yake huwezi kuwatenga ndugu hawa wawili. Wahunzi wetu walijua jambo hili zamani: jembe lililozidishwa ugumu kwa kuchovywa majini lakata vizuri, kisha lavunjika kwa jiwe la kwanza.

Akaleta kipimo cha pili. Chuma chenye utii, kikivutwa, hurefuka, na mahali kitakapokatikia hukonda kama shingo kabla ya kuachana. Chuma kikavu hakikondi, hukatika ghafula kikiwa na unene wake ule ule. Kwa hiyo Kirkaldy alipima unene wa shingo baada ya kukatika, akaulinganisha na unene wa kwanza, akaandika tofauti hiyo kando ya mzigo. Toka siku hiyo mtu aliyeuza chuma kigumu kwa jina la chuma chenye nguvu hakuwa na pa kujificha.

Imani ya pili ilihusu sura ya chuma kilichovunjika. Mafundi walisema chuma kizuri kikivunjika huonyesha nyuzinyuzi, na kibaya huonyesha chembechembe zinazong'aa kama chumvi ya mawe. Kirkaldy alichukua chuma kile kile kimoja. Alipokivuta polepole, nyuzinyuzi. Alipokivunja kwa pigo la ghafula, chembechembe. Mabishano mengi ya barazani yalikwisha hapo, au yalipaswa kwisha. Tena alionyesha kwamba umbo la kipande cha kupimwa hubadili jibu, hata mtu akichonga mfereji mwembamba mahali pamoja aweza kupata nguvu kubwa kuliko ile ya chuma chenyewe. Ndiyo kusema, mwenye hila aliweza kupata hati nzuri kwa chuma cha kawaida.

Mwaka 1861 alimwacha Napier. Hakuenda kutafuta kazi kwa bwana mwingine. Alitaka kuwa na nyumba yake ambamo mtu yeyote aweza kuleta chuma na kuambiwa ukweli wake, awe muuzaji au mnunuzi. Jambo hili halikuwa la kawaida, maana nani atalipa fedha kwa kuvunjiwa mali yake? Kirkaldy alikaa akibuni mashine, akaipatia hati ya haki, kisha kwa fedha yake mwenyewe akaagiza itengenezwe na Greenwood na Batley wa Leeds. Ilichukua zaidi ya mwaka. Mashine hiyo ina urefu wa futi 47 na inchi 7, na uzito wake ni tani 116 hivi. Imelala chini kama gogo la mvule. Nguvu yake yatokana na maji yaliyoshinikizwa ndani ya silinda, na mzigo hupimwa kwa mfululizo wa nyenzo na jiwe la mizani. Yaweza kuvuta, kushindilia, kukunja na kusokota, na nguvu yake yafika ratili 1,000,000. Tarehe 1 Januari 1866 aliwafungulia watu milango katika mtaa wa The Grove, Southwark, mjini London.

Kazi iliongezeka mpaka nyumba ikawa ndogo, akajenga nyingine katika Southwark Street, namba 99, iliyofunguliwa mwaka 1874. Juu ya mlango alichongesha maneno machache ya kumwonya kila aingiaye kwamba humo hutafutwa mambo yalivyo, wala si maoni ya mtu. Huko ghorofani aliweka vipande vilivyovunjika kama makumbusho, ili mwenye kubisha aone kwa macho yake. Watu wa Fagersta kutoka Sweden walimpelekea feleji yao ya ugumu wa namna nyingi, na matokeo yakatolewa kitabuni mwaka 1873. Katika majedwali yake ya miaka hiyo kuna safu ambayo msomaji wa leo hana budi kuitazama: hakuandika tu mzigo wa kukata, bali pia mzigo ambao chuma kikiupita hakirudi tena urefu wake wa kwanza, na kando yake akaandika sehemu gani ya mzigo wa kukata ndiyo hiyo. Mimi nitauita mzigo huo nguvu ya kulegea. Vuta waya kidogo uuache, utarudi. Vuta zaidi, utafika mahali unapokubali kurefuka na haurudi. Umelegea, lakini bado haujakatika. Kati ya kulegea na kukatika ndiko kuliko na usalama wa watu wengi, kama tutakavyoona.

Alikuwa mtu mgumu, hilo hapana haja ya kulificha. Hakupunguza neno katika ripoti kwa sababu mteja ni tajiri, wala hakupenda kuharakishwa. Watu wa namna hii ni taabu kuishi nao, lakini ni afadhali kuwa nao mahali penye mizani.

Basi sasa turudi kwenye mto Tay. Mwaka 1878 lilifunguliwa daraja la reli kuvuka mlango wa mto huo mpaka Dundee, daraja refu ajabu, kazi ya injinia Thomas Bouch. Jumapili usiku, tarehe 28 Desemba 1879, dhoruba kubwa ilivuma, na treni ilipokuwa katikati, sehemu ya juu ya daraja ikaanguka mtoni pamoja na treni. Hakupona hata mtu mmoja kati ya waliokuwamo. Baraza la uchunguzi lilipokutana, vipande vya daraja vilipelekwa Southwark kwa Kirkaldy, mtu wa Dundee, akaviweka katika mashine.

Daraja lilisimama juu ya nguzo za chuma cha kusubu, nazo zilishikanishwa kwa tepe za chuma cha kufua zilizokwenda mshazari. Kila tepe ilifungwa kwa bolti kwenye sikio lililosubiwa pamoja na nguzo. Kirkaldy alipima chuma chenyewe, cha kusubu na cha kufua, akakiona ni cha nguvu nzuri. Bolti nazo zilikuwa za chuma cha kufaa. Lakini alipovuta tepe na sikio pamoja, jinsi zilivyokuwa zimefungwa darajani, vilikatika kwa tani 20 hivi, chini sana ya hesabu iliyotarajiwa. Matundu ya bolti hayakutobolewa kwa kekee. Yalisubiwa, nayo yalikuwa mapana upande mmoja na membamba upande wa pili, basi bolti iliegemea ukingo mmoja tu, na nguvu yote ikakusanyika hapo. Baadhi ya masikio tena yalikuwa na kasoro ndani yake. Mambo mengine yalionekana katika uchunguzi, hasa kwamba upepo haukutiliwa hesabu ya kutosha. Bouch alikufa mwaka 1880, miezi michache baada ya uchunguzi kwisha.

Chuma kizuri, kiungo kibaya. Jambo hili lieleweke sana, maana latupeleka kwenye habari ambayo Kirkaldy mwenyewe hakuiona, lakini ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotufanya tumkumbuke leo kuliko bwela za Napier. Nayo ni habari ya nyumba za feleji katika tetemeko la nchi.

Mzigo wa kawaida, kama watu na meza ghorofani, haujali boriti ina nguvu kiasi gani. Watu mia ni watu mia. Ukiwapa boriti yenye nguvu kuliko ulivyoagiza, umepata faida ya bure. Tetemeko sivyo lilivyo. Ardhi huisukuma nyumba huku na huku, na hapana mtu awezaye kujenga nyumba ya ghorofa nyingi, kwa bei ya kulipika, ambayo itashindana na msukumo huo bila kulegea mahali popote. Basi mainjinia huchagua wenyewe mahali pa kulegea. Katika miaka ya 1960 na 1970, John Hollings, Robert Park na Thomas Paulay wa New Zealand walilitengeneza wazo hili likawa kanuni: boriti zilegee karibu na ncha zake, zikunjike na kurudi mara nyingi, na katika kukunjika huko zimeze nguvu ya tetemeko, nguzo na viungo viwe na nguvu kuliko boriti, visilegee. Boriti imekuwa fyuzi ya nyumba.

Mfano wa fyuzi ni mzuri. Kila mtu amewahi kuona mjuaji anayechoka na fyuzi kukatika, akatia mahali pake waya mnene. Waya mnene una nguvu zaidi, hilo ni kweli. Siku umeme ukizidi, fyuzi haikatiki, bali nyaya za ndani ya ukuta ndizo zinazowaka moto.

Sasa, feleji huuzwa kwa kiwango cha chini. Feleji moja iliyotumika sana Marekani iliandikwa kwamba nguvu yake ya kulegea haitapungua ratili 36,000 kwa inchi ya mraba. Haikuandikwa kwamba haitazidi. Kiwanda hakitaki mzigo wake ukataliwe, kwa hiyo huilenga juu ya kiwango. Tena, viwanda vilipoanza kuyeyusha chuma chakavu kwa umeme na kuuza feleji moja kwa hati mbili, yaani feleji ile ile ikubalike kuwa ya 36,000 na ya 50,000 pia, jina la 36,000 likawa jina tu. Injinia alisoma hati kama mnunuzi wa zamani alivyosoma mhuri wa Bora Bora.

Tufanye hesabu ya darasani. Injinia amechukua 36,000 kuwa nguvu ya boriti. Kwa uangalifu amekifanya kiungo kiwe na nguvu zaidi kwa robo, kiasi cha kustahimili boriti ya 45,000. Boriti inayoletwa kwa gari ni ya 54,000. Siku ya tetemeko boriti inavuta, kiungo kinafika 45,000 na kupasuka, na boriti haijaanza hata kulegea. Nyumba imeharibika kwa sababu feleji yake ilikuwa na nguvu kuliko ilivyoagizwa. Mwanafunzi akisikia jambo hili mara ya kwanza hucheka. Mimi pia nilicheka.

Tarehe 17 Januari 1994, kabla ya mapambazuko, tetemeko la Northridge lilipiga karibu na Los Angeles katika California. Hapana nyumba ya fremu za feleji za namna hii iliyoanguka, na watu wakashukuru. Lakini mafundi walipobandua kuta na kutazama mahali boriti zilipolehemiwa kwenye nguzo, waliona nyufa, na nyumba zilizokuwa na nyufa hizo zikazidi 100. Boriti nyingi zilizotazamiwa kukunjika zilikuwa zimenyoka kama zilivyotoka kiwandani. Sababu zilikuwa nyingi: malehemu yalikuwa makavu, palikuwa na pengo dogo chini yake ambapo ufa ulianzia, kazi nyingine haikukaguliwa sawasawa. Na mojawapo ilikuwa hii ya feleji iliyozidi hati yake.

Baada ya uchunguzi wa miaka, kanuni za Marekani za mwaka 1997 zikaweka namba ya kuzidishia. Injinia achukue kiwango cha chini kwa kupima kama boriti inatosha. Lakini akipima kiungo au nguzo ambayo boriti itaivuta, achukue nguvu inayotarajiwa kweli. Kwa boriti za feleji ya 36,000 namba hiyo ni 1.5, jibu ni 54,000. Kwa feleji mpya zaidi ya 50,000 namba ni 1.1, jibu ni 55,000. Tazama jibu hizo mbili! Feleji iliyoandikwa dhaifu na ile iliyoandikwa kali, zikifika katika jengo, zakaribiana kama pacha. Namba hizi hazikutungwa na mtu mwenye kupenda 1.5. Zilitoka katika rundo la vipande vilivyovutwa na kukatwa katika mashine, kimoja kimoja, na matokeo kuandikwa daftarini. Feleji hiyo mpya imewekewa pia kiwango cha juu, isizidi 65,000, na nguvu ya kulegea isipite sehemu 85 katika 100 za nguvu ya kukatika. Hiyo ya pili ndiyo ile safu ya majedwali ya Kirkaldy.

Msomaji asidhani mambo haya ni ya California na New Zealand peke yake. Sisi tunakaa kando ya Bonde la Ufa. Subukia katika Kenya ilipigwa tarehe 6 Januari 1928, Toro katika Uganda tarehe 20 Machi 1966, na Bukoba katika Tanzania tarehe 10 Septemba 2016. Fremu za feleji ni chache kwetu, lakini nondo zimo katika kila ghorofa, na habari ya nondo ni ile ile. Iko nondo ya Marekani iliyowekewa masharti kwa ajili ya matetemeko: nguvu ya kulegea isipungue 60,000 wala isizidi 78,000, na nguvu ya kukatika iizidi ile ya kulegea kwa robo au zaidi, ili nondo irefuke sehemu ndefu badala ya kukatika mahali pamoja. Basi mwenye kujenga, akiambiwa dukani kwamba nondo alizoagiza zimekwisha, ila ziko kali zaidi na hataongezwa bei, asishukuru upesi. Ampigie kwanza injinia wake simu, aulize kama hesabu ya nguzo na viungo inazikubali.

Nimemwacha mzee wetu kwa muda mrefu. Kirkaldy aliendelea na kazi yake Southwark pamoja na mwanawe William George, ambaye mwaka 1891 alitoa kitabu kikubwa chenye michoro ya kazi ya baba yake. David Kirkaldy alikufa tarehe 25 Januari 1897, akiwa na umri wa miaka 76. Mwana alishika kazi mpaka alipokufa mwaka 1914, kisha mkewe Annie akaiendesha, jambo ambalo wengi hawakulitazamia kwa mwanamke wa siku zile, na baada yake akaja mjukuu, naye ana jina la David kama babu yake. Jamaa hao waliiuza kazi mwaka 1965, na nyumba ikaacha kupima mwaka 1974. Katika miaka ya 1980 ilifanywa makumbusho.

Mashine haikuhamishwa. Ingali imelala chini katika chumba kile kile cha Southwark Street, futi zake 47, na walinzi wake wameitunza hata yaweza kufanya kazi. Maji yakifunguliwa, jiwe la mizani husogezwa polepole juu ya wenzo wake, na watazamaji hunyamaza wakingojea kishindo.